Bafta Nyeupe

Daktari aliposema maji ya uzazi yamepungua na figo za mtoto aliye tumboni zina kasoro, Bi Hidaya alisikia neno moja tu: kufa. Hakununua hata soksi. Alikwenda dukani akakatiwa bafta nyeupe ya sanda, akaificha chini ya kanga mkobani. Mkwewe, Raya, mwenye mimba hiyo, hakuambiwa habari ya bafta.

Mtoto akazaliwa hai, anahema kama aliyetoka mbioni.

"Tusubiri akojoe," nesi alisema. "Akikojoa, tutajua figo zinajitahidi."

Asubuhi ikapita, mtoto mkavu. Mchana akacheua, ile kanga aliyoviringishwa ikachafuka.

"Leta nguo nyingine, bibi."

Bi Hidaya akajifanya anatafuta. Nesi akatia mkono mwenyewe mkobani, akaikung'uta bafta. "Si hii hapa, mpya kabisa!" Akamviringisha mtoto, akampa bibi yake ampakate.

Raya, pale kitandani, akaitazama nguo ile isiyo na pindo. Baba yake alivishwa bafta kama hiyo siku ya kuzikwa.

"Mama, hii uliileta ya nini?"

Bi Hidaya akainamisha uso. Hapo ndipo aliposikia vuguvugu kiganjani. Doa la manjano lilikuwa likitanuka polepole kwenye ule weupe.

"Amekojoa!" nesi akapiga kigelegele.

Raya akanyoosha mikono. "Nipe mwanangu. Bafta baki nayo."

Bi Hidaya akabaki amesimama na kitambaa kilicholowa mkononi, asijue akifue akakianike wapi watu wasikione.