Mtaalamu wa Mbio za Kisiwani

Asubuhi ya mashindano, Urbano alifungua vioo vyote viwili vya pikipiki, akamkabidhi mkewe.

"Sasa nyuma utaonaje, Baba Rahabu?" Agripina aliuliza.

"Nyuma wataangalia wao. Mimi leo niko mbele."

Agripina alivifunga vioo kwenye kanga. Alishazoea. Tangu mumewe akutane kwenye simu na habari za kisiwa kimoja kidogo cha Ulaya, ambako watu hushindana kwa pikipiki kwenye barabara za kawaida, nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine.

Kata nzima ya Ilongero ilijua historia hiyo kwa sababu yake. Walijua kwamba mbio zilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kwamba pikipiki za mwanzo zilikuwa na pedali, mshindani akifika mlimani anapiga pedali kama muuza maziwa. Walijua kwamba vita viwili vikubwa vilizisimamisha, na kwamba waliofia kwenye zile kona wamepita mia mbili. Kilichowachekesha ni mwalimu mwenyewe. Urbano alikuwa bodaboda wa polepole kuliko wote katika kata, labda katika mkoa.

"Juzi kobe kanipigia honi," alikuwa akisema mwenyewe pale kijiweni, kabla wenzake hawajamuwahi. "Nikampisha, nikampa na shikamoo yake."

Abiria wake walikuwa bibi vizee, wajawazito na trei za mayai. Aliweza kupenya katikati ya kundi la ng'ombe mguu usiguse ardhi, na yai lisipasuke hata moja. Kwake hiyo haikuwa sifa. Hakuna mtu aliyeingia kwenye historia ya kisiwa kwa ajili ya mayai.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya shemeji yake, Elisha, naye alishatuma ujumbe: alizeti ikivunwa tu, anakuja kuichukua. Baada ya hapo Urbano angerudi kwenye jembe. Kwa hiyo wiki ya usalama barabarani ilipofika na yakatangazwa mashindano ya bodaboda, zawadi pikipiki mpya, alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

"Hii ni yako, bwana," Alphonce, mwenyekiti wa kijiwe, alimwambia. "Sisi tunakusindikiza tu."

Urbano alicheka pamoja na wengine. Hata yeye angejitania hivyohivyo.

Uwanjani, afande mmoja mwanamke alishika kipaza sauti kusoma sheria. Urbano alikuwa nyuma ya goli, amechuchumaa, anakaza mnyororo. Alphonce akamwita asogee asikilize.

"Mimi nisomewe sheria za mbio?" alisema Urbano. "Mimi?"

Kilichomkera ni umbali tu. Goli hadi goli! Wenzao kule wanakizunguka kisiwa, milima na vijiji. Akajifariji kwamba kila historia huanza na kidogo.

Filimbi ikalia. Urbano alilala juu ya tangi, viwiko ndani, akavuta mafuta mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza maishani hakuona mtu mbele yake. Upepo ulimjaa kwenye shati mpaka akawa kama gunia la pumba. Watu walipiga kelele.

"Polepole! Urbano, polepole!"

Machozi yakamtoka. Kumbe miaka yote hii walikuwa wanampenda, wanahofia asife! Sauti ya Agripina ilizizidi zote. Urbano mwenyewe aliogopa kweli, lakini hakuachia. Aliwaza jembe. Aliwaza Agripina amekaa nyuma yake kwenye pikipiki yao wenyewe, wanaelekea mjini, bila shemeji wa kushukuru.

Akavuka mstari wa chokaa, akafunga breki, vumbi likatimka. Akanyoosha mikono yote miwili juu kama wafanyavyo kule kisiwani. Hakuna aliyemkimbilia.

Akageuka. Alphonce na wenzake walikuwa hawajafika hata katikati ya uwanja. Pikipiki zao ziliyumba kushoto na kulia, macho yamewatoka, wanatambaa kama vinyonga.

"Vipi, mafuta yamewaishia?" Urbano aliwapigia kelele. Hakuwa amewahi kumtania mtu mwingine zaidi ya nafsi yake, na akaona ni kutamu.

Afande alimjia taratibu, akanyoosha mkono akaizima pikipiki ya Urbano yeye mwenyewe.

"Sogea pembeni, kaka yangu," alisema. "Zawadi ni ya atakayefika wa mwisho, mguu usiguse ardhi."