Misuli Miwili ya Mamba

Mamba alitangaza kwamba mto ni wake. "Taya zangu husaga mfupa wa nyati," alisema. "Anayetaka maji aniombe."

Kima akamwuliza, "Mzee, msuli hujua kuvuta tu. Ule wa kufunga mdomo umenenepa kweli. Wa kuufungua je?"

"Huo wa kazi gani?" Mamba akacheka, akaubana mdomo kwa kishindo ili wote waone.

Papo hapo Kima akauzungushia kamba ya mgomba. Mamba akakaza, akatoa macho, akapiga mkia. Kamba haikukatika.

"Wenzangu," Kima akasema, "mto ni wa wote. Asiyekubali na aseme."

Wanyama wakamgeukia Mamba kwa heshima, wakamsubiri.

"Basi," Kima akasema, "hata Mzee ameridhia."