Majibu ya Sekela

Sheria ilikuwa moja kwa wote: mtoto akitimiza miaka kumi na miwili anasomewa jeni zake akiwa peke yake, na mzazi haruhusiwi kumuuliza.

Sekela aliporudi kutoka zahanati, mama yake, Tusekile, alimpakulia ndizi. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Ambakisye, kaka yake Sekela, alianza kuugua kisukari akiwa kidato cha kwanza, kisha macho yakafifia, na sasa masikio nayo yalikuwa yanamwacha. Tusekile na mumewe walikuwa wameubeba ugonjwa huo wa kurithi, kila mmoja nusu yake, bila kujua.

"Umeshiba?" aliuliza.

"Nimeshiba, mama."

Wiki nzima alimchunguza binti yake, anakunywa maji kiasi gani, anakwenda chooni mara ngapi. Hakuona kitu. Jumamosi alirudi mapema kutoka sokoni akamkuta Sekela sebuleni, amefumba macho, anapapasa ukuta. Ambakisye alikuwa nyuma yake, amemshika bega.

"Hesabu hatua mpaka mlangoni," Ambakisye alisema.

"Saba," Sekela alijibu, akiinua sauti ili kaka yake asikie. "Lakini mama asijue kwanza."

"Hatajua."

Tusekile alirudi nyuma taratibu, akaurudishia mlango. Alikaa kibarazani na kapu lake la mboga, akawasubiri wamalize.