Kigoda cha Chuma

Wiki nzima fundi wa mageti alibishana na mkewe kwamba serikali haina haki ya kuwatengea wasichana nafasi vyuoni. "Mtu aingie kwa jasho lake!" alisema, na mkewe akamjibu kwa msonyo.

Leo binti yao alimletea karakanani fomu ya chuo cha ufundi aitie sahihi. Kisanduku cha "Nafasi maalumu za wanawake" kilikuwa kitupu.

"Mbona hapa hujajaza?"

"Si wewe mwenyewe, baba, uliyesema?"

Fundi akageuza macho. Chini ya meza ya kazi kilikuwepo kigoda cha chuma, kimejaa madoa ya cheche, alichomuundia binti huyu alipokuwa na miaka minane.

"Kile kigoda nilikuundia cha nini?"

"Nifikie meza."

"Na mageti yote uliyochomelea, kigoda ndicho kilichochomelea?"

Binti akacheka. "Ni mikono yangu, baba."

Fundi akafuta masizi ya mikononi kwenye suruali, akamrudishia fomu na kalamu kwa ncha za vidole, asije akazichafua.

"Basi weka tiki. Mama yako akiuliza, mimi hicho kisanduku sikukiona."