Kufuli la Picha ya Baba

Kila nyumba inaruhusiwa kubaki na video ya marehemu mmoja tu, na wakaguzi hupita kuhakikisha. Sisi tulimchagua Baba. Yuko kwenye kioo cha kugusa cha ukutani sebuleni, amekaa mkekani anamenya chungwa, anacheka, kisha anaanza upya.

Kilichoniudhi ni kitambaa cha Mama. Kila asubuhi akipangusa vumbi, picha ilisogea. Nikitoka chumbani namkuta Baba kasukumwa pembeni, nusu ya uso imekatwa, katikati umebaki mkeka. Namrudisha huku nanung'unika. Ijumaa nikachoka, nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka kufuli ili hata kioo kikiguswa, picha isisogee.

Kesho yake nilimkuta Mama amesimama mbele ya kioo, kitambaa kiko sakafuni, anaivuta picha kwa kidole, nayo haiendi.

"Tatu, mwanangu, hiki kimeharibika?"

"Nimekifunga, Mama. Ulikuwa unamsogeza Baba bila kujua."

"Nilikuwa najua."

Nikafungua kufuli. Akaivuta picha taratibu mpaka Baba akabaki bega tu. Kwenye ukingo wa mkeka ukachomoza, kwa sekunde mbili, mguu mdogo wenye soksi ya njano, unarusha teke. Alikuwa Hemedi, kaka yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa.

"Wakaguzi wasijue tuna wawili," Mama akasema.

Siku hizi kioo tunakipangusa pamoja. Mmoja anashika kitambaa, mwingine anasimama karibu na mlango, anasikiliza.