Ombi Limekataliwa

Umeme uliporudi asubuhi ile, mashine iliamka ikiwa imesahau kila kitu, kama kawaida yake. Betri yake ya saa ilishakufa siku nyingi, na kila ikizimika ilidai kuambiwa upya tarehe na saa. Simu ya Dickson, fundi wa kompyuta wa hospitali, haikuwa na chaji hata kidogo. Akachungulia dirishani, akamuuliza mama aliyekaa kwenye benchi la nje.

Saa mbili na nusu, mama akajibu. Dickson akaijaza, mashine ikatulia.

Mama mwenyewe alikuwa Mwaisha wa Mikindani. Binti yake, Zulfa, alilazwa wodini na uvimbe kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa ganzi siku hadi siku. Daktari bingwa alikuwa amekuja Mtwara kwa siku moja. Jioni angerudi Dar es Salaam kwa ndege pamoja na mgonjwa mmoja wa kwenda kupasuliwa. Jina la Zulfa lilishaandikwa, ila bingwa alisema wazi kwamba bila kuona picha za mgongo hambebi mtu.

Picha zilikuwepo. Zilipigwa hapa hapa kabla kipimo cha picha hakijaharibika, zikatunzwa kwenye ghala la mtandaoni huko Dar. Kazi ya mashine ya Dickson ilikuwa kuziomba tu.

Akaziomba. *Ombi limekataliwa.*

Akaomba tena. Akachomoa waya, akachomeka. Akazima, akawasha, akaingiza saa ile ile kwa hesabu ya dakika zilizopita. *Ombi limekataliwa.* Jamani, mtu akikunyima kitu walau hukuambia sababu. Kioo kile kilirudia maneno yale yale mawili, basi.

Adhuhuri muuguzi Gladness alimwazima Dickson simu, naye akampigia Filipo, fundi wa ghala kule Dar. Filipo alieleza kwamba yeye mwenyewe hana ruhusa ya kufungua picha za wagonjwa. Ufunguo wa siri ni wa hospitali peke yake. Kisha akauliza jambo moja.

"Saa ya mashine iko sawa? Ombi likija na saa iliyopotoka, ghala halilipokei."

Dickson, simu sikioni, akapaza sauti dirishani. Saa saba na robo, Mwaisha akajibu. Dickson akatazama kona ya kioo: saba, na dakika kumi na tano.

"Iko sawa kabisa, kaka. Haijakosea hata dakika."

Basi wakahamia kwenye ufunguo. Wakaubadilisha mara tatu. Wakabadilisha jina la ghala, wakabadilisha mtandao. Dickson alikuwa ametoka jasho hadi mgongoni, na kila alipoinua macho alimwona yule mama, mikono mapajani, akimtazama kwa imani ambayo Dickson hakuistahili. Angepiga kelele, lakini angempigia nani?

Saa tisa bingwa alifunga faili. Nafasi ikaenda kwa mzee mmoja wa Mpapura, aliyekuja na picha zake mwenyewe ndani ya bahasha ya kaki. Hakuna aliyemgombeza Dickson, na hilo lilimuuma zaidi.

Alibaki palepale, akiomba na kukataliwa, mpaka Mwaisha alipoingia taratibu na karatasi ya safari ya Zulfa, jina limekatwa kwa kalamu nyekundu. Aliiweka mezani.

"Usijilaumu, mwanangu. Umehangaika na sisi tangu asubuhi."

Dickson alishindwa kumtazama, akatazama karatasi. Juu ya paa ndege ilinguruma, ikapinda kuelekea kaskazini, ikiwa imeondoka kwa wakati wake barabara. Chini ya lile jina lililokatwa palipigwa chapa: *Kuondoka, 16:30*.

Akainua macho kwenye kona ya kioo.

10:30.