Lango la Roma

Waandamanaji waliotaka wageni wafukuzwe walikuwa wamefika kwenye geti la jengo. Geti lilikuwa limefungwa, kwa hiyo katika saluni ya ndani Laurette, mmoja wa wageni hao, aliendelea kumsuka mteja huku akirudia somo la mtihani wake.

"Mwaka 410, mama, Wagothi waliingia Roma. Ukuta ulikuwa na nguvu sana. Inasemekana mtu wa ndani ndiye aliyewafungulia lango."

"Eish! Wa ndani?" mteja alicheka. "Huyo alikuwa anakula kwa nani?"

Vidole vya Laurette vilisimama katikati ya msuko. Dirishani alimwona askari wa jengo, ambaye asubuhi wao wa saluni walimpa sahani ya maharage kama kila siku.

Askari alilitazama dirisha la saluni kidogo, kisha akauingiza ufunguo kwenye kufuli la geti.